Kikao cha Sufuria, Jiko Likiwa Baridi

Dobrinka Mihneva hakuwahi kuuza sufuria kwa maneno. Aliziuza kwa harufu.

Akialikwa kwa mtu, aliingia na begi lake la magurudumu, akavua viatu mlangoni, akavaa ndara za wageni, akaenda moja kwa moja jikoni. Akakata vitunguu, akabandika sufuria, akafunika, akakaa zake kitako. Wageni sebuleni walikuwa bado wanasifia mapazia ya mwenye nyumba wakati harufu ilipoanza kupenya chini ya kifuniko, ikapita kwenye korido, ikashuka ngazi za jengo. Majirani ambao hata hawakualikwa wakaanza kugonga mlango eti wanaomba kiberiti. Hapo ndipo Dobrinka alipofunua, na hapo ndipo watu waliponunua.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipofungwa, alisimama sokoni Gabrovo, mji wao wa milimani, na meza ya soksi, theluji ikimwangukia mabegani, akajifunza kwamba mteja akishaishika bidhaa mkononi ameanza kuinunua, hata kama mdomo wake bado unakataa. Kutoka soksi alihamia mashuka, kutoka mashuka akahamia sufuria hizi nzito za chuma kisichoshika kutu, zenye kitako kinene na kifuniko kinachobana. Sufuria za bei. Sufuria ambazo mtu hazinunui dukani akiwa na akili zake. Hununua kwa jirani, akiwa ameshiba na anacheka.

Halafu vuli moja korona ikamlaza. Alipona. Kifua kilipona, miguu ikapata nguvu, lakini pua na ulimi havikurudi. Kahawa ikawa maji ya moto. Mkate ukawa sifongo. Alingoja wiki hii, akangoja ijayo, mwisho akaacha kungoja, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mpishi anayetangaza kwamba haonji ni kama dereva anayetangaza kwamba haoni.

Aliendelea na vikao vyake kwa mazoea ya mkono, mpaka alipoalikwa na Nedyalka, jirani yake wa ghorofa ya juu, wanayepanda naye ngazi moja. Dobrinka akapika maharage na nanaa. Akatia chumvi, akasimulia kitu, watu wakacheka, akatia chumvi tena. Akachota kwa kijiko cha mti mbele ya macho yao, akaonja, akatabasamu, akasema, "Hapo sasa!" Wakapakuliwa. Mwanamke mmoja alimeza, akaomba maji. Kisha akaomba mkate. Kisha akaomba koti lake.

Tangu siku hiyo simu ikanyamaza. Na biashara hii haina duka. Muuzaji lazima apate mwenye nyumba wa kumwalika. Mwenye nyumba hukusanya marafiki, muuzaji hupika, na mwenye nyumba hupewa zawadi na kampuni. Usipoalikwa, begi linakaa nyuma ya mlango.

Ilikuwa mwezi wa pili Malina Toteva alipopiga simu kutoka Tarnovo. Malina ndiye aliyesimamia wauzaji wote wa mkoa ule, mwanamke mdogo kwa Dobrinka kwa miaka mingi, mwenye sauti laini na asiyepoteza muda.

"Bi Dobrinka, tangu Krismasi sijaona oda hata moja kutoka kwako."

"Baridi, mwanangu. Watu wamejikunyata."

"Baridi ipo Tarnovo pia, na wanawake wangu wananunua. Nisikufiche. Kuna binti kutoka Dryanovo anautaka mji wako. Ana gari, ana marafiki. Jumamosi jioni nakuja. Nionyeshe kikao kimoja, watu wawepo na oda ziwepo. Kama hakuna, nitaondoka na begi."

Dobrinka alisema sawa, akakata simu, akaliangalia begi. Pensheni yake ilitosha kuni na dawa. Begi lilitosha vilivyobaki: nyama, lenzi za miwani, zawadi za wajukuu walioko Ujerumani. Na jambo jingine ambalo hakupenda kulisema hata peke yake: begi ndilo lililompa sababu ya kupaka rangi ya mdomo na kugonga mlango wa mtu. Bila begi angebaki dirishani na wale wanaohesabu nani kapita.

Alijaribu kupika kwa kipimo. Akapima chumvi kwa kijiko cha chai, akaandaa supu, akampelekea paka wa ngazi, paka anayekula mpaka maganda ya soseji. Paka akanusa, akamtazama kwa huruma, akashuka zake.

Basi akakaa jikoni, na jicho lake likatua kwenye rafu, juu ya sahani ya bluu isiyo yake. Jirani alikuwa amemletea ndani yake vibibi vya jamu wakati alipokuwa mgonjwa, na mpaka leo hakuwa ameirudisha, kwa sababu hakuwa na cha kuweka humo. Katika ngazi ile chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini hata aliyefilisika angeweka lozi chache, tufaha, donge la sukari. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba mimi na wewe basi.

Dobrinka aliitazama ile sahani kwa muda mrefu. Kisha akafungua begi na kuanza kupangusa sufuria.

Alianza kwa Tonka, chini. Tonka Raycheva alikuwa kondakta wa mabasi ya umeme mpaka alipostaafu, na sauti haikustaafu naye.

"Nani?"

"Mimi, Dobrinka."

"Kama ni mchango wa taa za ngazi, nimeshampa Mincho!"

"Sitaki kitu, Tonka. Nakuletea."

Mlango ukafunguka. "Wewe? Unaleta? Ngoja nishike ukuta."

"Kwangu hakuna nafasi. Fundi anakuja kupaka chokaa jikoni. Nihifadhie hii mpaka Jumamosi jioni. Ukitaka kuitumia itumie, haiishi. Jumamosi nina kikao, uje nayo."

Tonka akaigeuza sufuria, akaipima uzito mkononi, akaigonga kitako kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. "Fundi gani anapaka chokaa mwezi wa pili, watu madirisha wamefunga?"

"Fundi wa bei rahisi."

"Haya. Hapo nimekuamini."

Ya pili aliipeleka kwa Mzee Mincho, mjane wa ghorofa ya kati, ambaye ndiye aliyekusanya michango ya jengo na kubandika matangazo ya ukali kuhusu nani kaacha mlango wazi.

"Sufuria ya nini mimi, Dobrinka? Nakula mkate na salami."

"Iweke tu juu ya friji."

"Juu ya friji kuna redio."

"Basi toa redio, mzee. Sufuria haikupigii kelele za bungeni."

Ya tatu, kubwa kuliko zote, ndiyo iliyomfanya asimame ngazini akivuta pumzi. Nedyalka alifungua mlango akiwa amejifunga aproni. Alimwangalia Dobrinka, akaiangalia sufuria, akamrudia Dobrinka.

"Ni ya kuhifadhi tu," Dobrinka alisema. "Mpaka Jumamosi. Nina kikao."

"Utapika nini?"

"Sipiki. Safari hii hakuna maonyesho ya upishi."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Nedyalka aliguna. Akaipokea sufuria kwa mikono miwili, akasema "haya", akafunga mlango. Dobrinka alishuka akijitukana kimoyomoyo. Angeweza kumpa mtu mwingine yeyote, na amempa yule yule aliyeaibishwa mbele ya wageni wake! Lakini sufuria kubwa huuzwa na mwenye jiko kubwa, na jiko kubwa katika ngazi ile lilikuwa la Nedyalka. Biashara haiangalii haya.

Wiki ilipita hivyo, sufuria zake zikiwa nyuma ya milango ya watu. Alipanda na kushuka ngazi kwa visingizio. Ijumaa alisimama katikati ya ghorofa mbili, akavuta hewa kwa nguvu zake zote, kama zamani. Hakupata kitu. Huenda ngazi nzima ilikuwa inanuka vitunguu vya kukaanga. Huenda ilikuwa inanuka dawa ya sakafu tu. Mwanamke aliyeuza kwa harufu miaka yote hiyo sasa alikuwa hajui kama kuna mtu hata mmoja anayempikia. Akaanza kusikiliza. Kwa Mincho, redio. Kwa Tonka, Tonka mwenyewe. Kwa Nedyalka, ukimya, halafu mlio mdogo wa kifuniko. Au wa kabati. Hakuwa na hakika.

Jumamosi Malina alifika mapema, kama wafanyavyo watu wanaokuja kukagua. Alivua buti, akavaa ndara, akaingia jikoni, akaweka kiganja juu ya jiko.

"Baridi hili."

"Baridi."

"Ukuta haujapakwa chokaa?" Malina aliuliza, maana chini mlangoni alikuwa ameshakutana na Tonka.

"Fundi hakuja."

"Bi Dobrinka, kikao chetu ni kupika. Watu waone, wanuse, wale. Nyinyi wa Gabrovo husemwa mnakata mkia wa paka ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Sasa mmefika kubania hata umeme wa kupikia?"

"Kaa, mwanangu. Kula tango la siki."

Mezani kulikuwa na mkate, matango, kabichi ya kuchacha, glasi ndogo na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda. Sahani tupu zilikuwa zimepangwa kwa mpangilio mzuri mno, na zilipokosa chakula mpangilio wenyewe ulionekana kama dhihaka. Saa ya kikao ikafika. Ikapita. Malina alikunja skafu yake, akaikunjua, akaikunja tena. Dobrinka alimimina rakia, akainywa yake peke yake; angalau kuungua kooni alikusikia.

Alipokuwa akiwaza kwamba labda desturi nazo huzeeka na kustaafu kama viwanda, mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Mincho, amevaa tai, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo la kuogea.

"Nimeileta," alisema, kama mtu anayeripoti mita ya maji. "Ina viazi."

"Umepika wewe?"

"Kwani nani mwingine yupo kule? Nilimenya, nikatia kitunguu, pilipili nyekundu ya unga, maji kidogo, nikafunika. Halafu mpira ukaanza."

"Halafu?"

"Halafu nikasahau."

Malina aliinua kichwa. "Ulisahau muda gani, baba?"

"Kipindi chote cha kwanza. Na mapumziko. Nilikumbuka goli lilipofungwa, nikaruka, nikakimbia jikoni nikijua nimechoma nyumba." Akafungua taulo, akafunua. Viazi vilikuwa vyekundu, vizima, vimelala kwenye mchuzi wao. "Havikuungua. Sijui kwa nini havikuungua."

Nyuma yake walikuwa wamefika wanawake wa ngazi ya pili, lango la jirani la jengo lile, waliosikia kwamba kuna rakia, na mmoja wao akapiga ukelele. "Mincho! Mincho aliyeunguza mayai ya kuchemsha!"

"Lilikuwa yai moja."

"Zima moto walikuja!"

"Walikuja wawili tu."

Walizunguka sufuria, wakaitazama chini, wakamsukuma Mincho pembeni ili waikwangue kitako kwa kijiko. Safi. Dobrinka alijua lini muuzaji anapaswa kufunga mdomo, na Malina, aliyejua kazi yake, alijua vilevile; akaifungua kalamu.

Nedyalka aliingia na sufuria kubwa akiibeba tumboni. Majani ya kabichi ya kuchacha yaliyoviringishwa wali na nyama, yamepangwa safu juu ya safu. Aliweka mezani bila hotuba, na wanawake wakaanza kupakua kabla hajakaa.

Ndipo akaja Tonka.

Tonka aliingia na sufuria mkononi kama mtu anavyobeba mkoba, kifuniko kikining'inia mkono wa pili. Akaiweka mbele ya Dobrinka. Ilikuwa tupu. Haikuwa na tufaha, haikuwa na donge la sukari. Ilikuwa nyeupe ndani, kavu, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Wanawake wakaangalia kitambaa cha meza. Malina naye alizaliwa katika milima hii hii na alijua maana yake. Alichomeka kifuniko kwenye kalamu. Dobrinka alihisi uso ukipoa. Mbele ya watu, mbele ya mkaguzi. Angeweza kuvumilia yote lakini si hilo, na si kutoka kwa Tonka.

"Mbona mnanitazama hivyo?" Tonka alisema. "Nimekufa?"

"Tonka," Nedyalka alisema polepole, "umerudisha chombo kitupu."

"Nani amerudisha? Mimi nimerudisha?" Sauti ile ya kondakta ikajaza chumba. "Hii hairudi! Naondoka nayo. Kwani mtu akijaza chombo chake mwenyewe anampelekea nani?"

"Sasa umeileta ya nini?"

"Nimeileta ili nibishane bei mbele ya mashahidi, isije ikasemwa kesho kwamba nilipewa. Chakula tumekula. Nilitia kuku na wali mchana, mkwe wangu akafuta kitako kwa mkate, mkwe ambaye tangu harusi hajawahi kunisifia hata chai. Haya, Dobrinka, tuanze. Ina mkwaruzo. Hapa."

Dobrinka aliinama. Damu ilikuwa imerudi usoni, na pamoja nayo akili ya sokoni. "Mkwaruzo huo ni wa pete yako."

"Hiki ni kitu kilichotumika."

"Kimetumiwa na nani?"

"Si hoja kimetumiwa na nani! Kimetumika. Punguza."

Kicheko kililipuka mezani, na katika kicheko hicho mwanamke mmoja wa ngazi ya pili akaomba aandikiwe ile ya Mincho, ndogo, ya kumfaa mwanawe anayeishi peke yake Sofia na kula kwenye mifuko. Mwingine akataka kubwa, ila alipe baada ya Pasaka. Kalamu ya Malina ilifunguliwa upya.

Dobrinka aliingia jikoni kuongeza sahani. Nedyalka akamfuata, akafunga mlango.

"Umeonja chakula changu?"

"Kizuri sana."

"Nakuuliza, umekionja?"

Dobrinka aliendelea kupanga sahani. Nedyalka akachukua uma, akachoma kipande kwenye sahani aliyoingia nayo, akakila taratibu. "Uchachu upo, si mwingi. Chumvi imekaa. Nyama ya nguruwe na ng'ombe, nusu kwa nusu. Nimetia kiungo chetu cha kijani, lakini kimejificha, unakipata mwishoni." Akameza. "Nimekwambia ili wakikuuliza uwe na la kusema."

"Umejuaje?"

"Siku ile kwangu. Ulionja yale maharage, ukatabasamu. Mwenye ulimi hawezi kutabasamu juu ya maharage yale, Dobrinka. Hata malaika."

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe. Tonka alikungoja. Tulikubaliana tusikualike popote mpaka uje mwenyewe, tusikuaibishe mara ya pili mbele ya watu. Miezi yote hii tunangoja, na wewe unapanda na kushuka ngazi pua juu kama waziri." Akaweka uma chini. "Halafu unatuletea sufuria na fundi wa chokaa. Ulidhani tutashindwa kujua unataka nini? Sisi ndio wa kwanza kuuziwa kitu kwa ujanja? Nilisema, haya, angalau amegonga."

Dobrinka alisimama na sahani mikononi. Alikuwa amejiona mjanja wiki nzima. Alikuwa amefikiri ukimya ule wa simu ni mlango uliofungwa, kumbe watu walikuwa wamekaa nyuma yake wakisubiri abishe hodi. Mtu wa biashara hapendi kugundua kwamba hesabu yake ya watu ilikuwa na kosa, lakini kosa la namna hii, alifikiri, ni afadhali kulifanya kuliko lile la upande wa pili, la kudhani una watu kumbe huna.

Waliporudi sebuleni, Malina alikuwa anamaliza sahani yake.

"Chakula kizuri," alisema. "Oda zipo, siwezi kukataa. Lakini nieleze jambo moja, Bi Dobrinka. Kwa nini hukupika wewe?"

Uongo wa fundi wa chokaa ulikuwa bado upo, tayari kutumika. Tonka alikuwa anamwangalia. Nedyalka hakumwangalia kabisa, alikuwa anamkatia Mincho mkate.

"Kwa sababu sionji," Dobrinka alisema. "Wala sinusi. Tangu nilipougua. Naweza kukupikia sumu na nikaisifia."

"Ametupikia," mmoja wa wanawake alisema, "na tukala," na wakacheka, na Dobrinka akajikuta anacheka nao.

Malina hakucheka. "Kampuni inataka muuzaji apike mbele ya wateja. Mimi sikutunga."

"Kampuni inataka sufuria ziuzwe. Kupika ilikuwa njia tu. Sikiliza, mwanangu. Mimi nikipika, mtu anasema Dobrinka ni mpishi, angepika vizuri hata kwenye kopo. Mincho akipika, anasema nini?"

"Anasema sufuria ni ya ajabu," Malina alikubali.

"Basi. Niachie mji. Nitaziazimisha nyumba kwa nyumba wiki nzima, Jumamosi zinakuja kwangu na chakula. Sihitaji mwenye nyumba wa kunialika, sihitaji vitunguu vya kampuni. Binti wa Dryanovo ana gari. Mpe mji wa Sevlievo, barabara ni nzuri."

"Na mtu asiporudisha?"

"Kama huyu?" Dobrinka alionyesha Tonka kwa kidevu. "Asiyerudisha amenunua."

Malina alizungusha glasi yake. "Nitakupa mpaka kiangazi, tuone."

"Mpaka kiangazi cha mwaka ujao."

"Bi Dobrinka!"

"Nimeanzia juu ili tukutane katikati."

Walikutana katikati, mpaka Krismasi. Malina alinyoosha mkono, wakashikana juu ya matango. Kisha akamgeukia Mzee Mincho. "Na wewe, baba, nitakuazima kwa vikao vyangu vya Tarnovo."

"Sawa," Mincho alisema, akifuta mdomo. "Lakini nisirudishwe mtupu."

Begi lilibaki nyuma ya mlango ule ule. Malina alivaa buti zake akaondoka kuwahi barabara kabla theluji haijaganda, na waliobaki walisogeza viti karibu na kilichobaki kwenye sufuria. Dobrinka alikaa. Akainuka. Akakaa tena. Kazi ya kushukuru hakuizoea. Sokoni mtu humshukuru mteja wakati anamfungia bidhaa, na shukrani hiyo imo ndani ya bei.

"Asanteni," alisema mwishowe. Ilitoka kavu, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Kwa kupika. Na kwa kungoja."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Tonka ndiye aliyewaokoa.

"Asante haipunguzi bei," alisema. "Turudi kwenye mkwaruzo."

"Mkwaruzo ni wa pete yako na bei ni ile ile. Lakini nakuongezea upawa." Ulikuwa upawa mzuri, wa chuma kile kile, zawadi ambayo kampuni humpa mwenye nyumba ya kikao; Malina alikuwa ameuacha mezani kwenye boksi lake.

"Huo si wako? Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo. Kwa hiyo naweza kuutoa."

Tonka alifungua mdomo kubisha, akakosa pa kushikia, akauchukua upawa na kuutia ndani ya sufuria yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ngazi nzima kumwona Tonka akinyamazishwa, na Mincho alisema angebandika tangazo.

Nedyalka alivuta sahani ya Dobrinka, akamwekea vipande vya chini kabisa, vile vilivyolala kwenye mchuzi.

"Hivi vimechacha zaidi," alimwambia. "Utavipenda."

Dobrinka alikata, akatia mdomoni. Kilikuwa cha moto, laini, jani likikinza kidogo kabla ya kukatika chini ya meno. "Na pilipili?" aliuliza.

"Ipo kidogo. Inakuja nyuma ya koo."

"Haya," Dobrinka alisema, akakata kingine, akala akiwa amemgeuzia Nedyalka sikio, amsimulie ladha.